Mtungi wa Wakwe

Sehemu ya tisa

Msomaji, umemwacha Henri Kakule wiki nzima nje ya ule mlango wa mbao kule Majengo, mjini Goma, mkono juu ya kitasa, jasho likimtoka. Miguu imeshamuuma. Tumruhusu aingie.

Unaikumbuka sauti aliyoisikia ndani? Ilikuwa sauti nzito ya mwanamume, ikisema: "Siku tulizika mama yangu, mimi nilikuwa nimelewa. Hata kaburi sikuliona."

Henri aliijua sauti hiyo. Wiki mbili kabla aliisikia sebuleni kwake, ikimwomba binti.

Akausukuma mlango.

Aliyemtazama kutoka ndani alikuwa Munyaneza, mzee wa Kalengera, baba yake Jephté. Ndiyo, Jephté yule yule ambaye Jumamosi, siku tatu tu zijazo, angekuja na ukoo wake kutoa dote, yaani mahari, ya Charline, binti wa Henri.

"Papa Charline?" akasema Munyaneza.

"Papa Jephté?"

Kilichosikika ni mwiko tu, ukikwaruza chuma.

Maana chumba kizima kilikuwa kinapika sabuni. Watu saba walikuwa wamezunguka pipa lililokatwa nusu, limejaa mafuta ya mawese na soda kostiki, na Munyaneza ndiye aliyekuwa akikoroga. Sasa Henri alielewa kwa nini alipotea wiki mbili. Muuguzi aliyemshauri aache pombe alikuwa amemwandikia kwenye karatasi: Majengo, nyuma ya kanisa, Jumatano saa nane, ulizia kikundi. Mara mbili alifika, akachungulia dirishani, akaona wapika sabuni, akarudi nyumbani akimlaumu muuguzi. Alikuwa akitafuta walevi. Alitegemea kuona kibao, benchi na mtu mwenye koti jeupe.

Kumbe walevi ndio hao hao.

Henri akageuka kukimbia. Lakini mtu mwembamba, mrefu, alikuwa ameshasimama mlangoni, na mwiko wa pili mkononi. Huyo ndiye Cubaka, kiongozi wa kikundi, zamani refa wa mpira.

"Shika," akasema Cubaka. "Koroga."

"Hapana, papa. Nilikosea mulango."

"Batu bote unaona hapa balikosea mulango. Koroga. Tukiacha kukoroga, sabuni inaharibika, na ni sabuni ya batu munane sasa."

Hiyo ndiyo hila ya Cubaka, na ameitumia miaka. Sabuni ile hukorogwa saa nzima bila kusimama. Anayeingia kwa mara ya kwanza hupewa mwiko kabla hajapewa kiti. Mwenye mwiko hawezi kutoroka, na mikono inayotetemeka haionekani, kwa sababu mikono ya wote inatikisika pamoja.

Basi Henri akajikuta upande mmoja wa pipa na Munyaneza upande wa pili, mwiko kwa mwiko, wanazungusha. Alikuwa na hasira, na aibu ilikuwa imempanda mpaka masikioni.

Munyaneza ndiye aliyelipuka kwanza.

"Ni kaka yako njo alikutuma?"

"Kunituma wapi?"

"Usinifanye mutoto! Ézéchiel alikutuma unifanyie ankete, unichunguze. Alisikia kama niko nakuya hapa, akakuambia, kwenda uone na macho yako, halafu samedi, siku ya dote, tutakataa bale batu."

Henri akaacha kukoroga.

"Koroga!" akafoka Cubaka.

"Mimi nikufanyie ankete?" Henri akasema, akikoroga kwa nguvu hata mafuta yakaruka. "Weye njo ulinifuata! Bibi yako Mukamurenzi, mama ya Jephté, alizunguka quartier yetu yote, akauliza hata bauza makala ya jiko kama baba ya Charline angali anakunywa. Sasa unakuya kukaa hapa unangoja nifike!"

"Mimi niko hapa miezi ine, Papa Charline."

"Unafanya nini hapa miezi ine?"

Munyaneza akatazama sabuni. Mama mmoja aliyekuwa ameketi pembeni, ambaye hatuna haja ya kumtaja, akakohoa. Ndipo Henri akaikumbuka ile habari ya kaburi aliyoisikia kupitia mlangoni, na hasira yote ikamwisha.

"Weye pia?" akauliza polepole.

"Mimi pia. Na weye?"

"Leo ni siku ya kumi na moja."

Wakatazamana, wazee wawili wenye watoto wakubwa, na wote wawili wakataka kucheka na kulia. Walicheka. Cubaka akawaacha wacheke, mradi miiko haikusimama.

Kicheko hakikudumu, kwa sababu wote wawili waliikumbuka Jumamosi kwa pamoja.

"Mutungi," akasema Munyaneza.

"Mutungi," akasema Henri.

Kwa wewe usiye mtu wa huku, ngoja nikueleze upesi. Kwa watu wa Munyaneza, ukoo wa bwana harusi huleta mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi, na mirija miwili mirefu. Aliyeleta anaonja wa kwanza, mbele ya watu wote, ili ionekane kwamba hakuna karuho ndani, ile sumu ambayo Goma nzima inaiogopa kuliko volkano. Kisha baba wa binti anashika mrija wa pili, anakunywa. Hapo wamekuwa wakwe.

Na asipokunywa? Amewaambia wageni wake, bila kufungua kinywa, kwamba wao ni walozi.

Najua unachotaka kusema. Si wangekunywa Fanta kama walokole? Wangekuwa walokole, sawa, hakuna ambaye angeuliza. Lakini hawa ni Wakatoliki wawili wanaojulikana kila kona. Henri alikunywa kwenye matanga, kwenye ubatizo, na kwenye salongo, ile kazi ya mtaa ya kila Jumamosi, huku ameshika jembe. Mtu kama huyo akinywa pombe za watu wote, halafu akaikataa moja tu, tena ile ya wakwe zake wa Kinyarwanda, mji utasema nini? Katika siku hizi tulizo nazo, za chuki ya makabila?

Ézéchiel angeshukuru. Kaka huyu mkubwa wa Henri ni mfanyabiashara wa Birere, ndiye msemaji wa ukoo, na ndoa hii hakuitaka tangu mwanzo. Hakusema kwa nini. Alisema tu "tungoje", na "tuchunguze bado". Alichokosa ni sababu.

"Tuambie batu ukweli," akasema Henri. "Tuseme tuliacha pombe, basi."

"Weye unaweza. Mimi, siku kaka yako anasikia kama baba ya Jephté ni mulevi, dote imeisha siku ile ile. Na Mama Jephté je? Unajua anafanya kazi gani?"

"Anapika kasiksi."

"Anapika kasiksi! Bidon zake za kasiksi zinakaa chini ya kitanda chenye ninalala, Papa Charline. Usiku ninazisikia zinachemka. Nilimwambia daktari alinipa dawa ya tumbo, njo maana sikunywi. Jana akaniambia: samedi dawa ipumzike, siku ya mutoto wetu utakunywa kasiksi yangu, nataka batu ba Goma baone ile mwanamuke wa Kalengera anajua kupika."

Henri akahisi chumba kinapungua. Yeye pia alikuwa na lake, na lilikuwa baya zaidi.

Miaka mitatu iliyopita Charline alikuwa na mchumba mwingine, kijana wa Butembo. Siku ya kuonana kwa wazazi Henri alilewa kabla ya wageni kufika. Aliwatukana, akaangukia meza, akavunja sahani za kuazima. Wageni walisimama wakaenda na mbuzi zao. Charline hakulia mbele ya baba yake. Alizoa vigae vya sahani akanyamaza mwaka mzima. Sasa amefikisha miaka ishirini na tisa, na Jumapili iliyopita alimfuata Henri kwenye karakana yake ya kuchomelea milango, akamwambia maneno haya:

"Papa, ile ya kwanza nilikusamehe. Samedi ukigusa pombe, hata tone, mimi siko mutoto wako tena."

Ndiyo maana Henri alizihesabu siku zake moja moja. Akinywa, anampoteza binti. Asipokunywa, binti anaipoteza ndoa.

"Niliahidi," akamwambia Munyaneza.

Munyaneza akazungusha mwiko mara tatu, nne. Kisha akainua kichwa.

"Mutobe," akasema.

"Nini?"

"Mutobe! Maji ya ndizi yenye hayajatiwa unga ya mutama. Ndizi ni ile ile, rangi ni karibu ile ile. Hata mutoto anakunywa. Samedi asubui nitakamua kwa mutu mwingine, nitajaza mutungi, juu nitanyunyiza unga kidogo ya mutama ielee. Nani atajua? Tunakunywa mimi na weye tu. Bengine banakunywa kasiksi ya bidon."

Henri alitamani kumkumbatia. Lakini Cubaka alikuwa anatikisa kichwa.

"Bazee, hapa hatusaidie mutu kuficha," akasema. "Kila mutu anasema ukweli wake mwenyewe, siri ya mwenzake anaiacha hapa ndani. Hiyo njo sheria moja tu tuko nayo. Mukishaanza kudanganya ju ya pombe, hata kama ni kwa mambo ya muzuri, muko mumerudi kwake."

"Ni siku moja tu, Papa Cubaka," akasema Henri.

"Bote banasema siku moja. Basi mimi nikuye samedi. Nikae tu pembeni yako, Henri. Nisiseme neno."

Hapa, msomaji, Henri alifanya kosa ambalo sisi wote tungelifanya. Alifikiria majirani. Wangeuliza, huyu mrefu ni nani, ukoo gani, mnajuana wapi?

"Hapana," akasema. "Aksanti. Tutaweza sisi wenyewe."

Sabuni ikawa nzito. Wakaimimina kwenye visanduku, wakaagana bila kupeana mikono, kila mtu akashika njia yake.

* * *

Jumamosi salongo ilichelewa kuisha. Mpaka saa tano watu walikuwa bado wanazoa mchanga kwenye mifereji, maduka yamefungwa, motari, wale wa pikipiki, wamezuiwa barabarani. Henri alifagia huku anatazama njia. Kama salongo imembana Munyaneza, ndizi zitakamuliwa saa ngapi?

Saa nane ikagonga. Kwenye uwanja wa Henri, juu ya mawe meusi, bâche ya bluu, turubai la kivuli, ilikuwa imefungwa, viti vya plastiki vimepangwa pande mbili zinazotazamana. Mke wake Micheline alikuwa amevaa vitenge vipya na alikuwa na wasiwasi wake mwenyewe, wa wali. Charline alikuwa ndani na shangazi zake, akichungulia kupitia pazia.

Ézéchiel aliketi mbele, kofia kichwani, fimbo magotini.

"Bamechelewa," akasema. "Mutu anakuya kuomba mutoto, anachelewa. Mimi nasema tu."

"Salongo, kaka."

"Salongo ilikuwa ya batu bote. Siye tuko hapa."

Saa nane na nusu nyimbo zikasikika barabarani. Wakaingia. Akina mama wamebeba vikapu kichwani, vijana wanne wamebeba mtungi mkubwa uliofungwa majani ya mgomba, na nyuma yao bidon tatu za njano. Jephté alikuwa kwenye suti, anatabasamu huku kope zinampiga. Mama yake, Mukamurenzi, alitembea kama mtu anayejua thamani yake.

Munyaneza alipompa Henri mkono, aliuminya mara mbili.

"Tumefika muzuri," akasema. "Kila kitu iko sawa."

Henri akavuta pumzi ambayo hakuivuta tangu Jumatano. Imekamuliwa. Imejazwa. Alitaka kuruka. Alimtazama Charline kule kwenye pazia, akamkonyezea jicho, na binti yake, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, akamchekea.

Maneno yakasemwa, na yalikuwa marefu. Msemaji wa wageni aliomba "ua lililochanua kwenye ua huu", Ézéchiel akajifanya hajui ua gani, watu wakacheka. Alitafuta kosa kwenye salamu, hakulipata. Alitafuta kosa kwenye mbuzi, wakawa wanono wote. Uso wake ukazidi kununa kadiri mambo yalivyozidi kunyooka.

"Basi," akasema mwishoni, kwa shida. "Mutungi."

Mtungi ukawekwa katikati. Majani yakafunguliwa. Juu kulikuwa na unga wa mtama unaelea, rangi ya kahawia, kama alivyoahidi Munyaneza. Mirija miwili ikachomekwa.

Munyaneza akasimama mbele ya watu wote. Akavua kofia. Akainama, akaushika mrija wake, akavuta mvuto mmoja mrefu wa mtu asiye na hofu.

Kisha akasimama wima.

Mashavu yake yalikuwa yamejaa, na hakumeza.

Watu wakangoja. Akina mama walikuwa wameshainua mikono tayari kwa vigelegele. Munyaneza alisimama pale, mdomo umefungwa, macho yamemtoka, na macho hayo yalikuwa yanamtazama Henri peke yake.

Henri akaelewa. Wala hakuhitaji kukisia, kwa maana harufu ilikuwa imeshamfikia. Upepo uliitoa mtungini ukamletea puani, kali, chachu, tamu. Ile haikuwa mutobe. Ile ilikuwa kasiksi ya siku nne, tena ya mpishi hodari.

"Papa Jephté," akasema Ézéchiel, akiegemea mbele. "Ju ya nini haumezi?"

Munyaneza alitikisa kichwa kidogo. Jasho lilimtiririka usoni. Koo lake lilipanda, likashuka, likapanda. Akimeza, miezi minne imekwisha. Akitema, amekiri sumu.

"Nauliza tena. Pombe mulileta wenyewe. Meza tuone!"

Henri alimwona mwenzake anashindwa. Aliiona shingo ikianza kulegea, kwa namna ile anayoijua vizuri mno. Akasikia huruma kali, kama vile ni yeye mwenyewe aliyesimama pale, na kabla hajafikiri, kinywa chake kikasema:

"Tema, kaka. Tema!"

Munyaneza akageuka, akatema yote juu ya mawe.

Eeh, Mungu wangu! Viti vikaanguka. Mwanamke mmoja akapiga kelele, "Karuho!" na neno hilo likaruka kutoka mdomo hadi mdomo mpaka nje ya uzio. Mtu akavuta watoto mbali na bidon. Vijana wa upande wa Henri wakasimama, vijana wa upande wa Jephté nao wakasimama.

Ézéchiel hakupiga kelele. Alikuwa ameipata sababu yake, na aliishika kwa mikono miwili.

"Gentil!" akamwita mtoto wake mkubwa, jitu lenye mabega. "Funga portail. Hakuna mutu anatoka hapa mbele ya kutuambia ni nini iko mu mutungi."

Mnyororo ukalia getini. Kufuli likabana.

"Na weye, Henri," Ézéchiel akaendelea, akimgeukia mdogo wake. "Weye ulijua. Ulimwambia atema. Ulijua nini?"

Henri akafungua mdomo. Angesema nini? Angesema nilimwambia ateme kwa sababu ni mlevi anayejaribu kupona? Hiyo haikuwa siri yake. Kuhusu yeye mwenyewe angeweza kusema lolote. Lakini kila neno ambalo lingeeleza lile "tema" lilikuwa linamvua nguo Munyaneza mbele ya mke wake, mtoto wake na adui yake. Akamtazama Munyaneza amsaidie. Munyaneza alikuwa ameinamisha kichwa, anajifuta kidevu.

Aliyesema alikuwa Mukamurenzi.

"Niacheni nipite," akasema.

Alipita katikati ya vijana, akafika kwenye mtungi.

"Karuho? Kasiksi yangu iko na karuho? Mimi, mutoto wa Rutshuru, nimepika kasiksi miaka makumi mbili, batu banaizungukia kutoka Kanyaruchinya mpaka Birere, hakuna mutu hata moja aliumwa tumbo! Munajua nini ilitokea leo? Njiani nilionja mutungi. Nikakuta ni mutobe! Mutobe ya batoto! Mutu alitaka kunipatisha haya mbele ya bakwe. Nikaimwanga yote mu mufereji. Nikajaza kasiksi ya mikono yangu, ile ya muzuri sana, ile niliweka ju ya siku ya leo."

Munyaneza akafumba macho.

"Sasa angalieni," akasema Mukamurenzi.

Akaushika mrija wa mume wake, akanywa. Alikunywa kwa kituo, bila haraka, watu wote wakihesabu mafunda yake. Aliposimama alijipangusa mdomo kwa ncha ya kitenge, akageuka taratibu, akajionyesha pande zote.

"Niko mufu?" akauliza. "Nimeanguka?"

Aliyepiga kelele akainua kiti chake, akaketi.

Akachukua mrija wa pili. Aliutikisa, akaunyoosha mbele ya uso wa Henri.

"Papa Charline. Bwana yangu ni mugonjwa wa tumbo, hiyo ni mambo yake na nitamuuliza nyumbani. Lakini weye njo ulisema atema. Weye njo ulitia neno karuho mu kinywa cha batu. Kunywa. Ao usimame hapa, useme mbele ya bote kama mimi ni mulozi, na sisi tutapiga ile portail tutoke, na hakuna mutoto wa kwetu ataoa kwenu tena mpaka Yesu arudi."

"Mama Jephté..."

"Kunywa ao sema."

Henri alirudi nyuma hatua moja. Mgongo wake ukagusa meza ya wali. Mbele mtungi, kushoto Ézéchiel na fimbo yake, kulia vijana waliokunja ngumi, getini kufuli. Akamfikiria Cubaka, ambaye saa hii angekuwa ameketi pembeni yake, mrefu, kimya, kama asingemkataza. Akajilaani kwa moyo wote.

"Anakataa," Ézéchiel akatangaza. "Muliona. Ndugu yangu mwenyewe anakataa. Dote imeisha!"

"Hapana!"

Pazia likafunguka. Charline alitoka mbio, viatu mkononi, vitenge vimemlegea. Shangazi mmoja alijaribu kumkamata, hakuweza. Binti haruhusiwi kutokea kabla ya kuitwa, lakini nani aliyejali tena? Alipita mbele ya Jephté bila kumtazama, akafika kwa baba yake, akapiga magoti juu ya mawe.

Henri alimwinamia. "Mama, simama. Sitagusa. Niliahidi. Niko na siku kumi na ine, Charline, uliza hata..."

"Papa," Charline akamkatiza. Machozi yalikuwa yameharibu rangi yote ya uso. Akaishusha sauti ili wengine wasisikie. "Papa, kunywa."

"Unasema?"

"Kunywa kidogo tu. Ile nilisema, nimeifuta. Nakuomba. Ju yangu, Papa. Mara moja, bafungue ile mulango. Halafu utaacha tena."

Henri akamtazama mtoto wake. Akautazama mrija, umbali wa kiganja kimoja tu kutoka mdomoni mwake, na tone moja la kasiksi lililoning'inia kwenye ncha.

Sasa nitakwambia jambo ambalo Henri Kakule hatamwambia Micheline, wala Cubaka, wala padri. Unadhani alihuzunika. Hakuhuzunika. Moyo wake uliruka kwa furaha. Siku kumi na nne, mchana na usiku, alikuwa akimtafuta mtu mmoja tu duniani wa kumpa ruhusa, na sasa aliyempa alikuwa yule yule aliyemkataza, tena amepiga magoti. Hakuna ambaye angeweza kumlaumu. Angekunywa mbele ya ukoo wake wote, na wangempigia vigelegele.

Aliiona furaha hiyo ndani yake, waziwazi, akaiogopa kuliko alivyowahi kuogopa bunduki. Na bado mkono wake ulikuwa umeshanyooka.

"Ju yako, mama," akamwambia Charline.

Akaupokea mrija, akainama.